Kitabu cha Kukodi na Kitabu cha Kununua

Ewe mwanafunzi wa uuguzi uliyeko Marekani, ambako vitabu vya chuo hukodishwa kwa muhula kisha hurejeshwa, tafakari kabla ya kutoa fedha yako. Kitabu cha historia, ambacho haja yake hukoma siku ya mtihani, kikodi bila ya wasiwasi. Lakini vile vya anatomia na vya uuguzi wa wagonjwa wa upasuaji, ambavyo utavirejea hata utakapoukabili mtihani wa leseni wa NCLEX, vinunue, ijapokuwa vimekwisha tumika, upate kuandika pambizoni yale uliyoyaona wodini. Ama mwongozo wa dawa, tafuta toleo jipya, kwani roho ya mgonjwa ni amana isiyo na badali.