Mlinzi Anayeamini kwa Kuambiwa

Kando ya Uganda Road mjini Eldoret, kama ilivyo katika miji mingi ya Kenya, siku ya saiba huanza kwa foleni ya watu wenye flashi mkononi. Mwanafunzi ana fomu ya mkopo wa masomo ya HELB, mkulima ana barua ya kuomba mkopo, mwalimu ana mtihani wa kuchapishwa. Kila flashi imekwisha kupita katika kompyuta za watu wengine. Kinachoizuia isiambukize mashine ya saiba ni programu ya kukinga virusi, na programu hiyo, kwa kiasi kikubwa, haiujui uovu kwa akili yake. Imeambiwa. Hubeba orodha ya fasili, yaani alama za kutambulisha programu hasidi, na orodha hiyo huandikwa mbali na kuletwa kwa intaneti hata mara kadhaa kwa siku. Taasisi ya AV-TEST ya Ujerumani husajili kila siku zaidi ya programu mpya 450,000 zenye madhara au zisizotakikana, kwa hiyo orodha ya wiki jana huwa imepitwa na mengi.

Fasili zinapokataa kusasishwa, fundi hukutana na swali lililokuwepo kabla ya kompyuta yoyote. Mtu ana haki ya kuamini nini kwa neno la mwingine, na akishaamini, anabaki na wajibu gani?

Mwanahisabati na mwanafalsafa Mwingereza W. K. Clifford alilishughulikia swali hilo mwaka 1877 katika insha yake “The Ethics of Belief”. Anasimulia habari za mwenye meli anayejua kwamba chombo chake kimechakaa, lakini anaituliza nafsi yake: kimesafiri salama mara nyingi, kitafika tena. Meli inazama na abiria wote, naye analipwa bima. Clifford anamtia hatiani, kisha anakwenda mbali zaidi na kusema kwamba hatia ingekuwa ile ile hata kama meli ingefika salama. Mtu huyo hakuwa na haki ya kuamini alichoamini, kwa kuwa aliupata utulivu wake kwa kukwepa uchunguzi.

Alama ya kijani ya programu ya kinga pembeni mwa skrini hutoa utulivu wa aina hiyo. Programu inaweza kuonekana inafanya kazi ilhali fasili zake ni za miezi mingi iliyopita, labda kwa sababu leseni imekwisha au mtandao umezuiwa. Mwenye mashine asiyefungua kuona tarehe ya fasili anafanana na mwenye meli, hasa pale ambapo kilichomo ndani si mali yake.

Eldoret ina sababu ya pekee ya kulitia jambo hili maanani. Ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ulizaa mpango wa AMPATH, unaohudumia watu wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya. Haja ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa hao ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, mfumo wa rekodi za afya ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na ambao sasa unatumika katika nchi nyingi. Rekodi za namna hiyo ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya ya mtu katika kundi la data nyeti. Mama anayemweleza karani wa kliniki hali yake hajui ni programu gani inayolinda kompyuta iliyo mbele yake, wala hapaswi kuijua. Anayepaswa kujua ni yule aliyeipokea siri yake.

Hata hivyo dai la Clifford, likichukuliwa lilivyo, halibebeki. Hakuna karani wala fundi anayeweza kuikagua kila alama. Katika miaka ya 1980, mtafiti Mmarekani Fred Cohen alithibitisha kwa hoja za kihisabati kwamba haiwezekani kutunga programu itakayotambua virusi vyote bila kukosea. Anayelindwa hana budi kumwamini mtu.

Wanazuoni wa hadithi katika Uislamu walikabili ugumu wa jinsi hii karne nyingi zilizopita. Kwa kuwa hawakuwepo maneno ya Mtume yalipotamkwa, waliichunguza isnadi: nani alisikia kwa nani, je, waliishi wakati mmoja, je, walikuwa waaminifu. Kompyuta nayo hufuata mnyororo. Sasisho huja na saini ya kidijitali, saini huthibitishwa na cheti, na cheti hicho huthibitishwa na cheti kingine hadi kufikia kile ambacho mashine ilikwisha kukubali kukiamini. Kutafuta kwa nini sasisho limekwama, mara nyingi, ni kutafuta kiungo kilichokatika.

Kiungo hicho huweza kuwa kwa mpokeaji mwenyewe. Katika kompyuta iliyozeeka, betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama hufa, na umeme ukikatika tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Cheti kilichotolewa mwaka jana huonekana kama kitu ambacho wakati wake haujafika, na Windows huweza kutoa msimbo wa hitilafu 0x80072f8f. Mashine inaukataa ujumbe wa kweli kwa sababu imepoteza wakati. Ndiyo maana fundi mzoefu hutazama saa kabla ya kumlaumu mtengenezaji wa programu. Kisha hukagua yaliyo karibu: kama intaneti ya simu imewekwa katika hali ya kubana bando, hali inayoahirisha upakuaji, kama diski imejaa, kama programu mbili za kinga zinagombania mashine moja, kama fasili zilizopo zimeharibika na zinapaswa kufutwa ili zipakuliwe upya.

Yote hayo yakishindikana, hubaki shaka nzito zaidi. Kirusi cha Conficker, kilichoibuka Novemba 2008, kilizima huduma ya masasisho na kuizuia kompyuta isifike kwenye tovuti za kampuni za usalama. Ugonjwa ulikuwa umeziba njia ya dawa. Mashine ya hivyo haiwezi kuulizwa kama ni nzima, kwa kuwa shahidi amekwisha kutekwa. Fasili hupakuliwa kwenye kompyuta safi na kuletwa kwa flashi.

Lakini pia kuna sasisho linalofaulu na kuleta maafa. Tarehe 21 Aprili 2010, fasili za kampuni ya kinga ya virusi ya McAfee zililitia hatiani faili halali la Windows XP, svchost.exe, na kompyuta zikawa zinajizima na kujiwasha bila kikomo. Tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Kenya, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma faili la maelezo ya utambuzi lenye kasoro. Liliondolewa saa 2:27, lakini kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zilikuwa zimeangushwa. Mashine zilizokuwa zimezimwa muda huo zilinusurika.

Si haki kuigeuza bahati hiyo kuwa hoja ya kutosasisha. Programu hasidi ya WannaCry iliposhambulia tarehe 12 Mei 2017, Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha ufa ilioutumia tangu tarehe 14 Machi. Maelfu ya mashine yaliumia kwa kutosikia. Linalofuata kutokana na CrowdStrike ni kwamba mtoa fasili naye ana wajibu wa kuhojiwa, na baada ya siku hiyo kampuni ilitangaza kwamba itatuma masasisho kwa awamu na kuwapa wateja uwezo wa kuyadhibiti.

Henry Odera Oruka, mwanafalsafa Mkenya aliyefariki mwaka 1995, alitofautisha mwenye hekima anayerudia kwa ufasaha yale aliyopewa na jamii na yule anayeyapokea kisha akayapima kwa akili yake. Wote wawili hutegemea waliowatangulia. Tofauti iko katika kazi anayoifanya mtu baada ya kupokea, na kazi hiyo ndiyo haki ya kuamini ambayo Clifford aliidai, ikiwa katika kipimo ambacho karani wa kliniki anakiweza: kuijua tarehe ya fasili zake, na kutonyamaza anapoona imesimama.

Kipimo hicho sasa kinajaribiwa. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Microsoft imesema fasili za Defender, programu yake ya kukinga virusi, zitaendelea kuletwa kwa Windows 10 hadi Oktoba 2028. Mashine isiyo na usaidizi wa ziada itakuwa na orodha ya leo juu ya mfumo ambao nyufa zake mpya hazizibwi, na alama inaweza kubaki kijani. Shule na vituo vya afya vya Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, vinavyotegemea mashine hizo vinahitaji mtu mwenye jina na jukumu la kuuliza sasa kama mashine bado inalindwa, na bajeti ya kumwezesha kulitendea kazi jibu atakalopata.