Mwacheni Binti Ashike Gia

“Binti kama huyu, otomatiki inamtosha.”

Maneno hayo niliyasikia Jumatatu katika ofisi ya chuo kimoja cha udereva hapa Morogoro, na hadi leo hayajanitoka. Nilikuwa nimempeleka binti wa kaka yangu, anayemalizia stashahada ya utabibu, akajiandikishe kujifunza gari. Mwenye chuo alitupokea vizuri, akatuvutia viti, akauliza kama tutalipa kwa mkupuo au kidogo kidogo. Nilipomuuliza atajifunzia gari lipi, akatuonyesha kupitia dirishani Vitz mbili zilizoegeshwa chini ya mwembe. Na la gia za mkono? Akasema walikuwa nalo, wameshaliuza. Wanafunzi walikuwa wanamaliza klachi, na wengi wenyewe hawalitaki. Kijana wa kiume anayetafuta kazi ya lori, akaongeza, angemwelekeza kwingine. Lakini binti kama huyu…

Tuliaga bila kulipa. Tulikuwa tumekaribia kituo cha daladala binti aliponigeukia: “Shangazi, kwani yeye amejuaje nitakuja kuendesha gari gani?”

Sikuwa na jibu, nina hasira tu. Mtu aliyemwona kwa dakika tano amekwishampimia uwezo wake na maisha yake. Ningependa ajue watabibu wanakopangiwa kazi. Hawabaki wote mjini kwenye lami. Wapo wanaopelekwa juu kwenye milima ya Uluguru, wapo wanaoshushwa kwenye tambarare za Kilombero ambako mvua ikinyesha njia na mashamba huwa kitu kimoja. Gari utakalolikuta nje ya kituo cha afya huko mara nyingi ni Land Cruiser, lile tunaloliita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda ubavuni, la jamii ya 70 iliyoanza kuuzwa mwaka 1984. Gia zake ni za mkono. Sisemi tabibu afanye kazi ya dereva. Dereva yupo na anaheshimika. Nasema dereva naye ni binadamu, huugua, husafiri, huzidiwa na usingizi. Usiku mjamzito anapovuja damu na gari limesimama uani na funguo ziko mezani, sitaki mtu yeyote mwenye leseni asimame pale akiutazama mkono wa gia asijue auanzie wapi.

Lakini nikiishia kwenye dharura nitakuwa nimesema nusu tu ya ninachokiamini. Nusu nyingine ni kwamba kuendesha gari la gia ni jambo zuri lenyewe, na kumfundisha mtu ni zuri zaidi.

Tazama kinachotokea chini ya mguu wa kushoto. Injini ikishawaka inazunguka, na magurudumu yamesimama. Kati yao kuna bamba la duara ambalo mafundi huliita klachi pleti, limebanwa kati ya flaiwili ya injini na presha pleti. Ukikanyaga, bamba linaachiwa na injini inazunguka peke yake. Ukiachia, linabanwa tena na nguvu inaingia kwenye giaboksi. Katikati ya kukanyaga na kuachia kuna nafasi fupi ambako bamba linasugua tu, halijashika wala halijaachia. Ufundi wote wa kuondoa gari umo mle. Hakuna taa inayokuonyesha umefika. Unaambiwa na unyayo, na sauti ya injini inayoshuka kidogo, na pua ya gari inayojiinua.

Kwa kuwa chuo hakikuwa na gari la gia, nilimchukua mwenyewe. Nina pikapu ya Hilux ya dizeli, na alfajiri uwanja wa mpira wa mtaani kwetu hauna mtu. Dizeli ni mwalimu mzuri kwa sababu ina nguvu hata usipokanyaga mafuta. Somo la kwanza nilimwondolea kabisa mguu wa kulia: tia gia ya kwanza, achia klachi polepole kadiri unavyoweza, mafuta usiyaguse. Likazima. Likazima tena. Kisha likaanza kutambaa lenyewe, taratibu, kuelekea golini, na binti akapiga kelele ya furaha iliyowaamsha mbwa wa jirani. Nilimwacha atambae hivyo uwanja mzima, asimame, aanze upya, mpaka mguu ukaijua ile nafasi bila kuitafuta.

Wanaofundisha udereva wanajua kitu ambacho wengine hawajapewa nafasi ya kukijua. Kwenye gari lisilo na pedali za mwalimu huna cha kushika isipokuwa breki ya mkono. Huwezi kumwazima mwanafunzi mguu wako. Unachokihisi wewe bila kufikiri, kwa sababu umekifanya miaka na miaka, inabidi ukitafutie maneno, na maneno mengi ya kwanza hayafai. “Achia taratibu” halimsaidii mtu asiyejua taratibu ni ipi. “Sikiliza, injini ikianza kulalamika, simamisha mguu hapo hapo” lilimsaidia. Halafu kuna kunyamaza. Gari linapozima, mwalimu mwenye busara hasemi kitu. Anasubiri mwanafunzi ajikanyagie klachi mwenyewe, arudishe gia huru, awashe.

Siku iliyofuata tulitoka barabarani, upande wa Kigurunyembe, kwenye kimteremko ambacho mtembea kwa miguu hakioni lakini mwanafunzi wa gia anakiona kirefu kuliko Uluguru yenyewe. Tulisimama pale kufanya balansi: vuta breki ya mkono, achia klachi mpaka sauti inenepe, kisha toa breki. Gari likarudi nyuma kidogo, likazima. Dereva wa bodaboda aliyekuwa nyuma yetu hakupiga honi. Alisogea dirishani akasema, “Dada, ukiisikia inakuvuta, ndipo utoe breki, siyo kabla.” Alisema sawasawa kabisa. Yeye klachi yake iko kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, lakini elimu ni ile ile. Binti akamshukuru, akafanya kama alivyoambiwa, tukapanda.

Mtaani kwetu elimu hii imepita hivyo siku zote, kutoka kwa anayejua kwenda kwa aliye karibu. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa lori, na kabla ya hapo alikuwa utingo. Utingo wa zamani alikaa miaka akiweka kabari nyuma ya tairi, akifunga turubai, akipima oili, kabla hajaruhusiwa kugusa usukani hata wa kuligeuza lori gereji. Muda wote huo alikuwa anasikiliza. Malori ya wakati ule mengi yalikuwa na giaboksi zisizosawazisha mwendo wa meno yake. Ili uingize gia ndogo bila kuisaga ulikanyaga klachi, ukaweka gia huru, ukaachia, ukapiga resi kidogo, ukakanyaga tena ndipo ukaingiza. Aliyekosea alisikiwa na kituo kizima.

Baba alinifundisha kwa masikio kwanza. Tukiwa safarini kwenda Iringa aliniambia nifumbe macho nitaje lori tunalopishana nalo liko gia ya ngapi. Tukifika Kitonga, baada ya Ruaha Mbuyuni, mchezo ulikwisha na maneno yakakoma. Kwenye mlima ule alikuwa na sheria moja ambayo madereva wote wa njia hiyo wanaijua: teremka kwa gia uliyopandia. Lori lenye mzigo likiachiwa gia kubwa mteremkoni linakimbia, dereva anakalia breki, breki zinapata moto, zikishapata moto hazishiki tena. Ukiwa kwenye gia ndogo injini ndiyo inayolizuia lori, na breki unaziweka akiba kwa ajili ya kona. Tunasoma mara kwa mara habari za malori yaliyofeli breki kwenye miteremko ya Mbeya na Iringa. Nyuma ya baadhi ya ajali hizo yuko dereva aliyeteremka kwenye gia huru ili abane mafuta, na baba alimhesabu mtu wa namna hiyo kuwa hajajifunza gari hata kama ameliendesha miaka ishirini.

Nimeshamsikia msomaji akisema kwamba otomatiki nayo ina alama za L na 2 za kuteremkia mlima. Ni kweli, zipo. Sasa waulize majirani zako wenye otomatiki ni lini mara ya mwisho walizitumia, na nani aliwaambia ni za nini. Aliyejifunza kwa gia anazielewa akiziona tu, kwa sababu anajua injini inaweza kulizuia gari. Anayejua D na R pekee hana njia ya kulikisia hilo.

Kuna hoja ya foleni, nayo naiheshimu. Anayetoka Mbagala kwenda mjini kila asubuhi akiwa na goti bovu, anunue otomatiki, wala asimsikilize mtu. Na kuna hoja nzito kuliko hiyo: otomatiki imewafungulia barabara watu wenye mguu mmoja au wenye miguu isiyo na nguvu, na yeyote anayeibeza teknolojia hiyo hajawahi kukaa na mtu aliyengoja miaka kujiendesha mwenyewe. Mimi sibishani juu ya gari la kununua. Nabishana juu ya gari la kujifunzia. Aliyejifunza gia huendesha otomatiki jioni ile ile. Aliyejifunza otomatiki, siku akipewa gia, anaanza upya.

Japani, yanakotoka magari yetu mengi ya mtumba, ilianzisha mwaka 1991 leseni ya otomatiki pekee, na mwenye leseni hiyo haruhusiwi kugusa la gia. Uingereza nako, ukifanyia mtihani kwenye otomatiki, leseni yako inaishia hapo. Wenzetu walikaa wakaamua, wakaandika. Sisi tunaelekea huko huko bila kuamua, kila chuo kikiuza gari lake la gia kimya kimya kwa sababu klachi inaliwa. Klachi ya gari la kufundishia imewekwa pale iliwe. Ndiyo ada halisi ya somo, na nitailipa nikitajiwa bei.

Kama sababu ya baba na Kitonga ni ya kizamani mno kwa mtu, basi atazame ajira. Coaster, Fuso, mabasi ya mikoani, malori ya Tunduma, trekta, hata bajaji inayobadilishwa gia kwa kuzungusha mkono wa kushoto: kazi za usukani katika nchi hii bado kwa sehemu kubwa ni kazi za gia. Ukimwambia kijana wa kiume akajifunze hizo na msichana ukamwambia otomatiki inamtosha, umeshagawa riziki kabla hawajatoka chuoni. Wanawake wanaoendesha malori na mabasi tunawaona barabarani, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa akijua klachi. Kuna mtu alikaa nao akangoja wazime mpaka wakaacha kuzima.

Nitaambiwa habari za magari ya umeme. Bajaji za umeme zimeshaanza kuonekana Dar es Salaam, hazina klachi wala ngazi za gia, na siku moja mjadala huu utakuwa wa makumbusho. Sawa. Siku hiyo haijafika kwenye barabara ya Mahenge, na binti huyu anamaliza chuo mwaka huu.

Sasa anaingiza gia ya tatu bila kutazama mkono wake, na kurudi nyuma kwa kona bado kunamsumbua. Leseni ataifanyia mtihani kupitia chuo kingine tulichokipata upande wa pili wa mji, chenye pikapu kuukuu na mwalimu mtu mzima asiyesema sana. Mimi nimebakiwa na kazi moja ambayo Hilux yangu haiwezi. Fundi mmoja wa Msamvu mwenye Land Cruiser yake ya zamani amekubali kumwonyesha kile kigia kidogo cha pembeni, cha kuendeshea magurudumu yote manne, kwenye tope la kweli. Tumekubaliana iwe kabla masika hayajakolea, na mafuta nitanunua mimi.