Kipimo Kinamdai Nani?

Mjini Buffalo, ukingoni mwa Ziwa Erie, halijoto ya maji imekuwa ikiandikwa tangu mwaka 1927, mahali mji unapovutia maji yake ya kunywa. Walioanza kazi hiyo hawakuishi kuiona safu ya tarakimu zao ikikamilika. Kipimo cha siku moja ni habari ndogo. Cha miaka mingi ni ushahidi. Na siku iliyopita bila kupimwa haipimiki tena. Mpimaji, basi, hubeba amana: huwatunzia wasiozaliwa kitu ambacho yeye hatakitumia.

Lakini amana ina pande mbili. Ikiwa anayepima anadaiwa uaminifu, anayesoma kipimo anadaiwa nini?

Buffalo ina jibu lake. Tangu majira ya baridi ya 1964, kizuizi kinachoelea hutandazwa pale ziwa linapomwagikia Mto Niagara, ili kupunguza barafu inayozuia maji kuingia katika mitambo ya umeme. Kanuni huruhusu kazi hiyo ianze maji yanaposhuka hadi nyuzi 4 za selsiasi, au ifikapo Desemba 16, lolote litakalotangulia. Hapa tarakimu haibaki daftarini. Waliokubaliana juu yake walijifunga kabla ya kujua baridi ya mwaka wowote itakuwaje.

Louisville ilijifunza kwa njia chungu zaidi. Mafuriko ya Mto Ohio ya Januari 1937 yaliuzamisha sehemu kubwa ya mji, na kingo za kuukinga zikajengwa baadaye. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Louisville iliujenga kwelikweli, lakini baada ya maji kupita.

Upo mfano wa tatu, nao unawagusa Waswahili zaidi. Huko Columbus, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, imehifadhiwa barafu iliyochimbwa Kilimanjaro mwaka 2000 na kundi la mwanasayansi Lonnie Thompson. Utafiti wao wa 2002 ulionyesha kuwa takriban asilimia 80 ya eneo la barafu lililokuwapo mlimani mwaka 1912 lilikuwa limetoweka. Wahamiaji kutoka Afrika ya Mashariki wanaoishi mjini humo ni majirani wa kipande cha mlima huo. Ushahidi umetunzwa vizuri kuliko kile unachokishuhudia, na hakuna aliyejifunga kwa lolote.

Pwani ya Unguja iko karibu zaidi na Columbus kuliko na Buffalo kwa jambo hili. Wanawake wanaolima mwani huko wanajua kuwa maji ya kina kifupi yakizidi joto, au mvua kubwa ikiyapunguzia chumvi, mwani hudhoofika na kukatika. Ule uitwao kotoni, wenye bei nzuri zaidi, ndio unaoumia zaidi. Kuuhamishia kwenye kina kirefu kwahitaji chombo na ujuzi wa kuogelea, ambavyo wengi wao hawana. Vipimo vya miaka mingi vya joto na chumvi hugeuza malalamiko yao kuwa hoja. Hata hivyo, pasipo kanuni isemayo kuwa joto likifika hapa fulani atawajibika, mkulima hupewa maelezo ya hasara yake tu.

Yupo atakayesema kwamba kazi ya mwanachuoni huishia kwenye ukweli, na kwamba kuufungamanisha na matendo ni kuutia doa. Hoja hiyo ina uzito: mpimaji anayetamani jibu fulani huweza kulipata hata lisipokuwapo. Lakini ahadi iliyotolewa kabla ya kipimo haimlazimishi mpimaji kuona chochote. Inamfunga msomaji, tena msomaji mwenye uwezo wa kutenda: serikali, mnunuzi wa mwani, mfadhili wa utafiti.

Basi anayefadhili kipimo cha bahari aulizwe kwanza atafanya nini tarakimu zikipanda. Akikosa jibu, ataendelea kupata tarakimu sahihi, na wanawake wa Unguja wataendelea kuokota mwani uliokatika.