Na Kama Kobe Hawangejua Kupigana?

Ile filamu ya kobe wanne tuliiona kwenye kibanda cha video jioni ya Jumamosi, watoto wamejaa mpaka mlangoni, na kijana mmoja amesimama karibu na skrini akitutafsiria kwa sauti. Jina lake kamili ni Teenage Mutant Ninja Turtles: Mutant Mayhem, ni ya katuni, ilitoka mwaka 2023, na mwongozaji wake ni Jeff Rowe. Watu wa pwani wangesema hawa ni kasa, lakini hapa kwetu kila chenye gamba mgongoni ni kobe, na mtafsiri wetu hakutaka mjadala. Tulicheka sana. Ilipoisha, watu wakitafuta ndala zao gizani, msichana mdogo wa miaka kama kumi akamwuliza kaka yake: "Na kama hawangejua kupigana?" Kaka yake akamjibu, "Basi hakungekuwa na filamu." Wakaenda zao. Mimi swali hilo nimeshindwa kuliacha mpaka leo.

Kwa ambao hawajaiona: kobe hawa si wapya. Walizaliwa Marekani mwaka 1984 kwenye kitabu cha katuni cha rangi nyeusi na nyeupe, kilichochorwa na vijana wawili, Kevin Eastman na Peter Laird. Walichapisha nakala kama 3,000, na sehemu ya pesa walikopa kwa mjomba wa Eastman. Sisi tunaotoa jarida hili kwa karatasi za kuombaomba tunaielewa hali hiyo. Zikaja katuni za televisheni mwaka 1987, ikaja filamu mwaka 1990, na tangu hapo kila baada ya muda kuna mtu anawafufua, kwa sababu wanaleta pesa. Hii ya 2023 iliwaanza upya kabisa. Hata michoro imefanywa kama ya mwanafunzi anayechora pembeni ya daftari mwalimu akiwa hamwoni, mistari imepinda na nyuso hazilingani. Ila kilichonigusa si michoro. Ni kwamba safari hii hadithi yote imewekwa juu ya jambo moja: kukubaliwa.

Baba yao wa kulea ni panya anayeitwa Splinter. Wote watano waliguswa na ute mmoja wa kijani chini ya jiji la New York, ukawageuza, wakawa wanasema na kutembea kama watu. Siku moja, kobe wakiwa bado wadogo, Splinter aliwapandisha juu kwenda kuwaona binadamu. Binadamu wakapiga kelele, wakawafukuza na kuwashambulia. Akarudi mtaroni na kanuni moja: watu ni wabaya, msiwakaribie. Mkitoka, tokeni usiku, chukueni mahitaji, rudini. Akawafundisha kupigana, na yeye mwenyewe alijifunza kwa kutazama filamu za zamani.

Watoto kibandani walimcheka huyo panya. Akina mama waliokaa nyuma hawakucheka sana. Najua wazazi hapa kambini wenye kanuni ileile. Usiongee na usiyemjua. Usitaje kabila lako. Usipite njia ile baada ya saa kumi na mbili. Kanuni hizo hawakuzitoa kwenye kitabu, kuna jambo liliwapata. Kwa hiyo mtu akija na semina ya kuwaambia wazazi waache woga, naona angeuliza kwanza woga huo ulinunuliwa kwa bei gani.

Sasa hawa vijana kobe wanajificha juu ya paa, wanatazama watu wa jiji wameketi nje pamoja wakiangalia filamu. Humo kwenye filamu kuna vijana wa shule. Basi tamaa yao yote inakuwa hiyo: kwenda shule. Hawataki kutawala, hawataki utajiri. Wanataka dawati na jina kuitwa asubuhi. Wanakutana na msichana, April O'Neil, mwanafunzi anayetaka kuwa mwandishi wa habari, na wote kwa pamoja wanapanga mpango. Kuna mhalifu anayelisumbua jiji. Kobe watamkamata, April atarekodi, watu wataona, watawapenda, na mlango wa shule utafunguka. Kila mtu kwenye kibanda alikubali mpango huo, hata mimi. Hakuna aliyeuliza: kwani watoto wengine wa New York waliingia shule kwa kumkamata nani?

Mhalifu mwenyewe, Superfly, ni nzi mkubwa. Ajabu ni kwamba naye aligeuzwa na ute uleule, naye ana ndugu zake wa kulinda, naye alishakataliwa na binadamu. Historia yake na ya kobe ni moja. Tofauti ni kwamba yeye ameamua binadamu wamalizwe. Hapo ndipo filamu inatuwekea vikapu viwili. Ukiwa kiumbe cha chini ya ardhi, ama wewe ni mwokozi wa jiji, ama wewe ni wa kuliangamiza. Kikapu cha tatu, cha anayechemsha maharagwe yake na kulala, hakipo.

Vikapu hivyo tunavijua. Mkimbizi mmoja akiiba, wameiba wakimbizi. Mmoja akiokoa mtu, ameokoa yeye peke yake.

Tarehe 26 Mei 2018, Paris, kijana kutoka Mali aitwaye Mamoudou Gassama alimwona mtoto wa miaka minne ananing'inia kwenye baraza la ghorofa ya nne. Akapanda kwa mikono mitupu, baraza moja hadi lingine, akamvuta mtoto ndani. Hakuwa na karatasi za kuishi Ufaransa. Mtu alirekodi kwa simu, video ikazunguka dunia, watu wakambatiza jina la Spider-Man. Baada ya siku mbili alikuwa ameketi na Rais Emmanuel Macron, akaahidiwa uraia na kazi ya zimamoto, na uraia aliupata mwaka uleule. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini tarehe 30 Mei, siku mbili tu baada ya kikao hicho, polisi wa jiji lilelile waliondoa kambi ya mahema kaskazini mashariki mwa Paris, yenye wahamiaji zaidi ya 1,000. Hao hawakukosa ushujaa. Kufika pale kwenyewe, wengine wamepita jangwa na bahari! Walikosa mtoto wa kuning'inia mbele yao, na mtu wa kurekodi.

Simu hapo si jambo dogo. Kobe walijua hilo, ndiyo maana walimhitaji April. Katika kambi yetu kuna wanawake waliovuka mpaka na mtoto wao mgongoni na wa jirani mkononi, jirani mwenyewe ameshakufa, na mpaka leo wanamlea huyo wa jirani kwa mgao uleule usiotosha hata wao. Hakuna video. Wakiitwa kwenye mahojiano wanaulizwa tarehe, na wakikosea tarehe wanaitwa tena.

Sisemi tuwadharau mashujaa. Mwaka 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi ilipoingia uwanjani kwenye Olimpiki za Rio, watano kati ya wale kumi walikuwa wametoka Kakuma, na aliyebeba bendera alikuwa Rose Nathike Lokonyen. Nani hakusisimka? Shida inaanza pale furaha yetu inapogeuzwa kuwa kipimo. Eti kama Rose ameweza, wewe umekaa tu.

Mzee mmoja wa bloku yetu hakukubaliana nami. Akasema, "Mwanangu, dunia nzima iko hivyo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtu anapimwa kwa kazi yake." Sikumbishia, maana ni mzee, na chai niliyokuwa nakunywa ni yake. Lakini njiani nikirudi niliigeuza methali hiyo upande huu na huu. Haisemi mgeni aoneshe maajabu. Inasema jembe, kitu cha kila siku, ambacho mwenyeji mwenyewe analima nacho. Tena neno lenyewe ni "mpe." Linamwamrisha mwenyeji. Yeye ndiye mwenye jembe, yeye ndiye anayedaiwa siku ya tatu. Wengi wetu tuko kwenye siku ya elfu sita, na bado tunamtafuta wa kutupa. Kwa hiyo nikikutana tena na mzee nitamwambia kwa heshima kwamba methali yake iko upande wangu.

Kuna jambo lingine ambalo wataalamu wa sheria wanaosoma jarida hili wanalijua kuliko mimi. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unapoeleza mkimbizi ni nani, unataja hofu: mtu mwenye hofu ya kuteswa, hofu yenye msingi. Hauulizi kama mtu huyo ni jasiri, ana kipaji, au ataleta faida gani. Kwa maneno ya mkataba, aliyestahili kupokelewa kwanza kwenye filamu ile ni panya mzee Splinter, mwenye woga wake wote. Sijui ni lini tuliambiwa kwamba hofu haitoshi tena, mpaka iongezwe na ushujaa.

Na ushujaa ukishakuwa bei, unaharibika. Hili ndilo linalonisumbua zaidi. Gassama alipanda kwa sababu mtoto alikuwa ananing'inia. Wema wake ulikuwa mzima. Lakini baada ya dunia kumlipa kwa karatasi, kijana mwingine akifanya jambo kama hilo kesho, watu watasema ametafuta karatasi, na pengine yeye mwenyewe hatakuwa na uhakika. Nikimsaidia jirani wa nje ya kambi kubeba mtungi wake, je, namsaidia au namwomba? Mwenyeji anaweza kuwa mwema bila kuulizwa swali hilo. Mimi ninalibeba pamoja na mtungi.

Niitendee filamu haki. Mwishoni, Superfly amekuwa jitu kubwa linalobomoa jiji, na kobe wanapigana naye huku watu wa New York wakiwashambulia kobe haohao, maana kwao wote ni majini tu. Kinachogeuza mambo si upanga. Ni April, binti ambaye aliwahi kutapika mbele ya kamera za shule na wenzake wakamcheka mpaka akachoka, anayesimama kwenye televisheni na kusema ukweli kuhusu rafiki zake. Ndipo watu wa kawaida wanajitokeza kusaidia, wasio na nguvu za ajabu. Ujasiri uliohitajika zaidi ulikuwa wa mwenyeji. Hapo waandishi wa filamu wameona kitu cha kweli, na baada ya hapo kobe wanaingia shule na kuanza kuhangaika na mambo ya kawaida kabisa ya vijana. Zawadi ya kuokoa jiji zima ni ruhusa ya kuwa mwanafunzi kama wengine. Nilicheka, halafu nikaona si kichekesho.

Lakini yule msichana aliuliza kuhusu kobe wa tano, ambaye hayumo kwenye filamu. Hana upanga. Ana pumu, anapenda kulala, hesabu zinamshinda. Aliguswa na ute uleule, akafukuzwa na watu walewale. Huyu anaingia shule kwa mlango gani?

Namfahamu mmoja. Ana miaka 18, alimaliza sekondari kwa alama za wastani, anataka kusoma mambo ya umeme. Mwaka jana alinijia na fomu ya ufadhili. Swali la nne lilitaka aeleze jinsi alivyoshinda magumu makubwa na jinsi atakavyobadilisha maisha ya jamii yake, maneno 500. Akaniangalia: "Sasa mie niandike nini, Mwalimu? Sijaokoaka mtu." Tukakaa mpaka taa ya sola ikaanza kufifia. Akakumbuka kwamba siku moja ya mvua alimshika mkono mtoto wa jirani kuvuka laga. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nilipomaliza kuandika, yalikuwa yamefika kifuani. Nilifanya hivyo mimi, mtu mzima ninayefundisha watoto wa watu wasidanganye, na nilijua ninachofanya. Niliona kama namfunga kobe upanga kiunoni.

Ndugu zetu wa mashirika, sisemi ninyi mmelitunga swali hilo kwa ubaya. Najua nanyi mna mtu mahali fulani anayewadai hadithi kabla hajatoa pesa, na hadithi ya kijana wa wastani haiuziki. Lakini aliyesomeshwa kwa sababu ya maji ya kifuani ataishi akijua yalikuwa ya vifundoni.

Nafasi ile hakuipata. Wiki mbili zilizopita amekuja na fomu nyingine, swali ni lilelile, namba tu imebadilika. Safari hii alikuwa ameshaandika mwenyewe kwa penseli, mistari sita. Kwamba anajua kuunga nyaya za sola, ametengeneza taa za nyumba nane za bloku yetu na nyumba mbili zilimlipa, na anataka kujua kwa nini betri zinakufa haraka kwenye joto hili. Akaniomba nimwangalizie makosa ya tahajia. Yalikuwa mawili. Nikayasahihisha, nikamrudishia karatasi yake.