Yakini Haiondolewi na Shaka

Ukitoka Obunga, Kisumu, ukaelekea magharibi, utafika Bondo. Huko, Desemba 2021, mgodi wa dhahabu wa Abimbo uliwaporomokea wachimbaji. Wako waliookolewa; mwingine hakutoka mpaka mwaka 2022, naye ni maiti.

Yafaa tuulize: faradhi ya kumtafuta aliyefukiwa yakoma lini? Wako wasemao, "Siku zimepita, ni kadari ya Mungu," wakaweka majembe chini. Twajibu: kadari ni ya Mungu, lakini sisi hatukupewa kuijua. Mafakihi wametufunza kuwa yakini haiondolewi na shaka. Uhai wa mtu yule ulikuwa yakini; mauti yake ni dhana.

Na dhana hudanganya. Tarehe 10 Machi 1906, vumbi la makaa liliripuka migodini Courrières, Ufaransa, likaua watu 1,099. Msako wa walio hai ulikatizwa baada ya siku chache. Siku ya ishirini watu 13 wakatoka wenyewe, wazima. Nyangalata, mkoani Shinyanga, mwaka 2015, watano walitolewa hai baada ya siku 41.

Basi, ndugu zetu, hatari kwa waokoaji ni udhuru, kwani nafsi zao pia ni amana. Lakini uchovu si udhuru, wala gharama, wala ufukara wa aliyefukiwa. Mwenyezi Mungu atuwafikishe.