Kubana Matumizi: Nani Anayebanwa?

Somo: Mithali 31:10–31; Yohana 6:1–13

Mwezi uliopita katika ushirika wa akina mama kuliulizwa swali ambalo halikujibiwa vizuri, maana muda ulikuwa umekwisha na watoto walikuwa wameanza kulia njaa. Mama mmoja alisema hivi: "Pastor, huku kubana matumizi ni tunda la Roho ama ni umaskini tu?" Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Lakini swali lenyewe ni zito, na hapa kwenye karatasi hakuna mtu wa kutuharakisha.

Tuanze na kitu ambacho hakina ubishi. Bwana wetu hapendi uharibifu. Pale Yohana 6 amelisha wanaume kama 5,000 kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, halafu anawaambia wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki kisipotee kitu. Vikajaa vikapu 12. Sasa mtu anayeweza kuzidisha mikate ana haja gani na makombo? Kesho si atazidisha mingine? Lakini aliyaokota. Kwa hiyo mama anayeloweka maharagwe usiku ili yasile gesi asubuhi, anayechemsha githeri ya siku tatu kwa moto mmoja, anayetia sufuria ndani ya kapu lililoshonewa sponji ijiivie yenyewe akiwa kazini, huyo mama yuko upande wa Yesu. Sweta ya shule inayotoka kwa kaka kwenda kwa dada iko kwenye kikapu cha kumi na tatu. Hapo sina shida na mtu.

Shida yangu inaanza mahali pengine. Nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, na kitu kimoja nilichofundishwa darasani hakijawahi kunitoka. Unaposoma hesabu za kampuni na kuona gharama imeshuka, usipige makofi haraka. Uliza imeenda wapi. Wakati mwingine gharama imekufa kweli: taa ilikuwa inawaka bure, imezimwa. Lakini mara nyingi gharama haijafa, imehamia kwenye daftari la mtu mwingine. Kampuni inayochelewesha malipo ya wanaoiuzia mali itaonekana ina pesa nyingi benki mwisho wa mwezi. Hizo pesa ni za nani? Ni za yule muuzaji anayekopa huko nje ili alipe kodi ya nyumba.

Nyumba zetu ziko hivyo hivyo. Kuna akiba inayotoka kwenye taka, na kuna akiba inayotoka kwa mtu. Kwenye pochi zote mbili zinafanana, shilingi 100 ni shilingi 100. Mbele za Mungu nadhani hazifanani hata kidogo.

Chukua mama mboga. Anaamka saa kumi alfajiri, anapanda matatu hadi Marikiti, anabeba gunia, analipa mkokoteni, analipa ada ya kaunti, anarudi mtaani na kupanga nyanya mafungu mafungu. Sisi tunafika jioni na kumwambia nyanya zake ni ndogo, zimelainika, punguza bei. Anapunguza. Tunaenda nyumbani tukijisifu tumepata kwa bei ya kutupa. Mithali 20:14 inamweleza mnunuzi huyo vizuri sana: mbele ya muuzaji anaponda mali, akigeuza kona anajigamba. Kesho yake yuko supamaketi, analipa bei iliyobandikwa bila neno, anashukuru na risiti. Sisemi kupatana bei ni dhambi, soko letu ndivyo lilivyo na mama mboga mwenyewe anajua kuweka kidogo cha juu. Nasema tu kwamba ile kumi ya mwisho, ile unayoivuta baada ya kuona uso wake umebadilika, hiyo haikutoka kwenye taka. Na huyo ndiye anayekuandika kwenye daftari la deni tarehe 20 mshahara ukiwa umeisha. Supamaketi haina daftari hilo.

Wengine wetu pia tuna tabia ya kumcheka mama anayenunua sukuma wiki iliyokatwa tayari. "Amekuwa mvivu, hata kisu hashiki." Yule mama ametoka kazini saa kumi na mbili, amesimama kwenye foleni ya matatu, ana mtoto wa darasa la nne mwenye hesabu za kugawanya. Akiongeza shilingi kumi amenunua nusu saa na mtoto wake, na mama mboga amepata kumi ya unga. Mimi naona hapo kila mtu amepata. Uvivu uko wapi?

Sasa tufike mahali penye uchungu, nyumbani kwenyewe, kwa dada wa kazi.

Mwanamke wa Mithali 31 tunampenda sana. Tunamhubiri kila sherehe ya akina mama, tunamchapisha kwenye leso na vitambaa. Lakini mstari wa 15 tunaupita mbio. Anaamka kungali usiku, anawapa chakula watu wa nyumba yake, na wale wasichana wanaomtumikia nao wanapata fungu lao. Biblia imewataja. Kumbe zile kazi zote za sufu, kitani, shamba na biashara hakuzifanya peke yake, na mwandishi hakuona aibu kusema hivyo. Nyumba ngapi za watu waliookoka zina sufuria mbili? Moja ya kuku kwa wenyewe, nyingine ya sukuma kwa dada, na mama anasema anabana matumizi. Nyumba ngapi mshahara wa dada ndio wa kwanza kuahirishwa karo ikiwa imefika? "Utaelewa tu, mwezi ujao nitakuongezea." Walawi 19:13 hairuhusu ujira wa kibarua ulale kwako hadi asubuhi, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa wenyewe unapiga kelele. Hata serikali, ambayo hatuitegemei kwa utakatifu, imeandika kwenye Sheria ya Ajira ya 2007 kwamba mfanyakazi apate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo. Dada yako anaenda ibada lini?

Najua jibu, nimelisikia mara nyingi na ni jibu la haki: "Pastor, mimi mwenyewe nalipwa kidogo. Nikimlipa huyu kiwango cha serikali, mimi nitabaki na nini? Na nisipokuwa na mtu wa kukaa na mtoto, siendi kazini." Hili silifanyii mzaha. Mama huyu hajawa mkatili, amebanwa katikati ya mwajiri wake na mtoto wake. Lakini ukiniuliza kama mtu wa hesabu, nitakwambia hivi: kama huwezi kununua saa zote kwa bei yake, nunua saa chache kwa bei yake. Usinunue saa zote kwa nusu bei. Kuna kina mama wanaotumia mtu wa kufua siku mbili kwa wiki, wakamlipa vizuri, mtoto akaenda kwa mama wa kulea watoto mtaani. Nyumba haing'ai kila siku. Haijalishi. Vumbi halina damu.

Na kuna mtu mwingine katika nyumba hiyo ambaye saa zake zinanunuliwa kwa bei ya sifuri, naye ni mama mwenyewe. Utafiti wa matumizi ya muda wa KNBS wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mwanamke nchini Kenya anatumia kama saa nne na nusu kwa siku kwenye kazi za nyumbani na kulea ambazo halipwi, na mwanaume chini ya saa moja. Soma hapo tena, baba. Sasa ukisikia mzee anasimama kwenye ushuhuda akisema, "Namshukuru Mungu kwa mke wangu, nikimwachia mia tano anafanya muujiza," ni vizuri kushukuru, lakini muujiza huo una maelezo. Mia tano haikuzidishwa. Pengo lililobaki limejazwa na miguu yake aliyotembea badala ya kupanda boda, usingizi wake aliokatiza saa kumi ili afue kabla ya kwenda kazini, na kipande cha nyama ambacho hakikufika kwenye sahani yake. Amekula mchuzi akasema hasikii njaa. Watoto wakaamini. Wewe pia uliamini?

Mtu ataniambia, hiyo ndiyo dhabihu, na Mkristo ameitwa kujitoa. Amina. Hata hivyo angalia jinsi Yesu alivyoieleza yake katika Yohana 10:18. Anasema hakuna anayemnyang'anya uhai wake, anautoa mwenyewe. Dhabihu ina mtoaji anayejua anachotoa na ana uwezo wa kusema hapana. Pale ambapo mama akisema hapana nyumba nzima inakasirika, mimi jina la dhabihu naona gumu kulitumia, ingawa kwa nje ni kitu kile kile. Na huyo Yesu aliyejitoa kabisa, alichoka akaketi kisimani na kumwomba mwanamke Msamaria maji. Alilala kwenye mashua kukiwa na dhoruba. Kuna akina mama hapa kanisani ambao hawajawahi kulala mtu akiwa macho ndani ya nyumba.

Tena kuna swali ambalo mwenye biashara haachi kuuliza: akiba ikishapatikana, inakaa kwa nani? Kule Bethania Mariamu alipomwaga marhamu, aliyelalamika juu ya matumizi mabaya alikuwa Yuda. Alipiga hesabu haraka, dinari 300, karibu mshahara wa mwaka mzima wa kibarua, kwa sababu dinari moja ilikuwa ujira wa siku. Hoja yake ilikuwa nzuri, kwamba wangesaidiwa maskini. Lakini Yohana anatuambia mfuko ulikuwa kwake, na alikuwa akitoa humo. Basi baba akisema nyumba hii tubane, sawa, tubane. Zile elfu mbili zilizookolewa kwenye gesi na mboga mwezi huu ziko wapi? Kama zimelipa deni la karo, Mungu atukuzwe. Kama zimeenda kwenye mechi na marafiki, au kwenye kiwanja ambacho mama hajui hata jina la mahali kilipo, basi mama hakuweka akiba. Alitozwa ushuru. Na mstari wa mwisho wa Mithali 31, ule ambao hauchapishwi kwenye leso, unadai apewe sehemu ya mapato ya mikono yake. Sifa zinakuja baada ya hapo.

Kwa hiyo yule mama aliyeuliza swali, namjibu namna hii. Kubana matumizi kwenyewe si tunda la Roho. Yuda alikuwa nako. Ni kama kisu cha jikoni, kinakata mboga na kinakata kidole. Na umaskini nao si dhambi ya kuungama: ukinunua mafuta ya kupima ya shilingi ishirini kwa sababu ndiyo uliyo nayo, ingawa kwa hesabu ya lita unalipa zaidi kuliko tajiri anayebeba mtungi, hakuna mtu wa kukufundisha nidhamu hapo. Swali letu lote linawahusu walio na nafasi ya kuchagua, hata kama nafasi hiyo ni ndogo, ni nani atakayepungukiwa.

Lakini kuna wale ambao hawana wa kugawana naye mzigo. Mama analea peke yake, hana baba wa kuambiwa afue, hana dada. Huyo nikimwambia apumzike nitakuwa namtania. Ninamkumbuka yule mjane wa 2 Wafalme 4, mdai amekuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa, naye ana chupa ya mafuta tu. Elisha hakumwambia abane zaidi. Alimtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Nimewaza sana kuhusu wale majirani. Walichotoa ni masufuria na mitungi ambayo haikuwa na kazi siku hiyo. Mafuta yalipofika kwenye chombo cha mwisho yakakoma, maana yake kama mtaa ungekuwa mchoyo wa vyombo, deni lisingelipika.

Katika kikundi chetu cha nyumbani, akina mama wanne, wawili kati yao wakilea peke yao, walianza kununua gunia la viazi na unga wa beli pamoja na kugawana kwa gorogoro. Hiyo ilisaidia pochi. Kilichowasaidia zaidi kilikuja baadaye: kila Jumamosi kuanzia saa mbili hadi saa saba, mtu mmoja anakaa na watoto wote kumi na mmoja, na wengine wanafanya wanachotaka. Mmoja aliniambia mara ya kwanza alirudi kwake, akafunga mlango na kulala, hakufua hata soksi. Jumamosi hii zamu ameichukua baba mmoja, amejitolea mwenyewe bila kusukumwa. Ameomba tu aandikiwe uji unapikwaje.