Madhabahu Kando ya Yordani
(Somo: Yoshua 22:10-34)



Wana wa Reubeni na wa Gadi, na nusu ya kabila ya Manase, walipokwisha kuwasaidia ndugu zao vitani, walirudi kwao ng'ambo ya Yordani. Walipofika mtoni walijenga madhabahu kubwa. Habari ikaenea, na mara Israeli wakakusanyika Shilo ili waende kupigana nao. Kwa nini? Kwa sababu kwao madhabahu ilikuwa mahali pa sadaka tu, wala hawakufikiri kwamba mtu aweza kuijenga kwa nia nyingine. Waliupima moyo wa ndugu zao kwa moyo wao wenyewe.

Lakini tusiwalaumu watu wa Shilo peke yao. Wajenzi walijua kwamba nia yao ni njema: madhabahu ile iwe shahidi, watoto wao wasije wakaambiwa hawana fungu katika Bwana kwa ajili ya mto ulio katikati. Walakini hawakumtuma mtu kueleza. Walidhani lililo wazi mioyoni mwao li wazi kwa wote. Basi wote walidhani, hakuna aliyeuliza, na vita ilikuwa karibu.

Sisi wa Mtwara nasi tuna mto. Mwaka 1886 Wadachi na Wareno walipatana Ruvuma uwe mpaka, na Wamakonde wakawa huku na huku. Lakini mipaka mingine haionekani kwa macho. Mwalimu atokaye katika nchi ambayo neno la baba ndilo kubwa, akifika Newala, huenda kwa baba kunena habari za ndoa ya kijana. Baba humwitikia kwa adabu. Lakini kwa desturi ya zamani ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Mwalimu hurudi akidhani shauri limekwisha, kumbe halijaanza. Kisha husema, "Watu hawa ni vigeugeu." Sivyo, yeye hakuuliza.

Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Waanglikana wa Masasi tangu mwaka 1926, hakutosheka kulihukumu jando kwa mbali. Alichungua mambo yake, akapambanua mema na mabaya, na jando la Kikristo likawako.

Ndivyo walivyofanya Israeli hatimaye. Kabla ya upanga walimtuma Finehasi kuhani pamoja na wakuu kumi. Yeye naye alianza kwa kulaumu. Lakini alipojibiwa alisikiliza, akaridhika, na nchi ikapona.

Enyi waalimu, msidhani kwamba neno "dhambi" lasikiwa na wote kama mlisikiavyo ninyi. Kwa mmoja dhambi ni kuvunja mwiko. Kwa mwingine ni kuonekana tu. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliweka baada ya kila amri swali la maana yake. Ulizeni vivyo hivyo, kisha nyamazeni msikie.

Ajuaye mioyo ya watu ni Mungu peke yake. Sisi tumepewa kinywa cha kuuliza na masikio ya kusikia. Bwana atujalie kuvitumia kabla hatujashika upanga. Amin.